Buna Chini ya Nyambene

Ukisimama Kinna, kaunti ya Isiolo, milima ya Nyambene iko mbele yako, kijani kibichi. Huko juu Wameru huchuma chai na miraa. Huku chini ni nchi ya Waborana, ya migunga na vumbi, na majani yale ya mlimani huishia katika sufuria zao: chai ya maziwa, sukari tele, asubuhi na jioni. Mgeni yeyote huipata. Buna, kahawa yao, ni jambo jingine.

Karibu na mbuga za Samburu na Buffalo Springs, mgeni hulipa kiingilio cha kijiji, akachezewa ngoma na kuuziwa shanga. Sioni ubaya, pesa zile zina kazi nyumbani. Ila mimi, huku Kinna, nilitaka kukaa, nisionyeshwe kitu. Nikasalimia kama wanavyosalimiana Waborana, "Nagaa?", yaani, amani? Nikajibiwa, "Nagaa." Akko, bibi mwenye nyumba, akanivuta ndani.

Nyumba ni yake kwa kila hali. Kwa desturi mwanamke ndiye anayeijenga, kwa fito zilizopindwa na mikeka, na malisho yakiisha huifungua na kuipakia juu ya ngamia. Ukutani vilining'inia vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi wa kuni zenye harufu nzuri. Maziwa yake yana ladha ya moshi huo, na ukishaizoea, ya pakiti hayanyweki.

Buna ni buni zetu, kahawa ikiwa bado ndani ya ganda. Akko alizing'ata ncha moja moja, akazitia katika samli ya moto. Zikapasuka, nyumba ikajaa harufu. Wao huiita buna qalaa, kuchinja buna, kama mtu achinjavyo mnyama kwa ajili ya baraka. Hapa haipikwi kwa ajili ya njaa, inapikwa kwa ajili ya dua. Mzee akaomba mvua, maziwa na watoto, nagaa ikirudi kila baada ya maneno machache. Tukapaka samli usoni na nyweleni, tukatafuna buni.

Hapo ndipo wazee walipogeukia dedha, yaani malisho ya pamoja: nyasi zipi zilishwe wakati wa mvua, zipi kiangazi, na zipi zisiguswe mpaka ukame ukaze. Kisha wakaingia kwenye habari ya kisima, ambako aba herega, msimamizi wake, hupanga zamu za mifugo. Bakuli la buna lilikuwa bado linazunguka.