Upindo Usio na Uzi: Ushonaji katika Tarakilishi

Makala haya yananuia kufafanua jambo ambalo huenda likaonekana geni katika uwanja wetu: namna nguo zinavyoshonwa ndani ya tarakilishi, na kwa nini upindo huwatatiza sana wabunifu wa nguo hizo.

Kitambaa cha tarakilishi hakina nyuzi. Ni wavu wa nukta zilizounganishwa kwa viungo vinavyovutika mithili ya springi, na programu hukokotoa jinsi kila nukta inavyovutwa na uzito wake pamoja na nukta jirani. Mnamo mwaka wa 1998, David Baraff na Andrew Witkin walionyesha mbinu ya kukokotoa kwa hatua kubwa za wakati bila wavu kusambaratika, na kazi nyingi zilizofuata zimejengwa juu ya mbinu hiyo. Programu kama Marvelous Designer hushona kwa kuvuta kingo za vipande viwili hadi zikutane. Tatizo ni kwamba mshono huo hauna uzi, na wavu wenyewe hauna unene.

Upindo wa fundi, kwa upande wake, ni tabaka mbili au tatu zilizokunjwa na kukungwa. Tuchukue mfano wa sketi ya duara kamili yenye upindo wa sentimita 2. Ukingo wake ukikunjwa kwa ndani, hutua mahali ambapo mzingo ni mfupi kuliko ukingo huo kwa takriban sentimita 25. Ziada hiyo yote lazima ijifiche, nayo hujificha katika vifinyo vidogo vidogo ambavyo jicho huvitarajia hata kama mtazamaji hajui kushona. Uzi nao hukaza nguo ikifuliwa, na upindo wa suruali ya jinzi hujipinda mshazari kama kamba.

Kukokotoa tabaka zote hizi kunawezekana, ila huchukua muda mrefu, na tabaka zinazogusana aghalabu hupenyana. Basi wabunifu hudanganya, tena kwa ustadi: ukingo huongezewa ugumu na uzito, mkunjo hupewa pembe yake, na uzi pamoja na vifinyo huchorwa kwa picha inayoufanya mwanga uakisike kana kwamba pana mabonde na matuta.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohusika. Tunapobuni istilahi za tarakilishi, hukimbilia kamusi za Kiingereza kabla ya kumwuliza fundi cherehani, ilhali fundi ana kukunga, bandi na darizi. Mvaaji wa leso naye hutofautisha mambo mawili. Pindo la leso ni mapambo yaliyochapishwa kandokando, yaani rangi tu. Upindo ni ule anaokungiwa baada ya doti kukatwa. Kwa hivyo, ukingo uliochorwa tu katika tarakilishi tungependekeza uitwe pindo, na ule uliokunjwa na kukokotolewa tabaka kwa tabaka ubaki na jina la upindo.