Wete: Mji Uliolelewa na Karafuu

Mgeni anayeingia Wete kwa njia ya bahari huiona bandari kwanza, kisha nyumba zilizopanda kilimani, akadhani amefika katika mji wa mabaharia. Sisi tuujuao twasema kuwa ni mji wa bandari kwa sura tu. Kwa riziki ni mji wa wakulima. Wengi wa wakaazi wake wana shamba, au wana baba mwenye shamba.

Historia yake haitengani na historia ya karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa chetu ndicho kikawa ghala la zao hili. Haifai kusahau kwamba mikarafuu hiyo ya mwanzo ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, hadi utumwa ulipoondolewa uhalali wake mwaka 1897. Wala haifai kusahau kwamba hata baada ya hapo waliochuma wengi hawakuwa wenye ardhi.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yalibadili jambo hilo. Ardhi ilitaifishwa, na kuanzia mwaka 1965 familia zaidi ya 20,000 za Unguja na Pemba zilipewa eka tatu tatu. Eka zile zilitolewa zilimwe, si ziuzwe.

Sasa tuzitazame hesabu. Mkoa wa Kaskazini Pemba, ambao makao yake makuu ni Wete, ulikuwa na watu 211,732 katika sensa ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 272,091. Katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 60,000. Kisiwa kizima, chenye eneo lisilofika kilomita 1,000 za mraba, kilihesabiwa watu 543,441. Watu wanaongezeka, na hiyo ni neema; ardhi haiongezeki hata shubiri moja.

Hapa ndipo penye mashaka. Eka tatu alizopewa babu zikitazamwa na watoto sita, kisha na wajukuu thelathini, kila mmoja hubakiwa na kiwanja, si shamba. Mkarafuu mkongwe hukatwa ili ujengwe msingi wa nyumba. Mche mpya huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa. Msingi wa nyumba huchimbwa kwa siku moja.

Hatumlaumu kijana anayetafuta pa kuweka mke na watoto. Tunasema kwamba nyumba zina mahali pake na mikarafuu ina mahali pake, na mipaka hiyo yafaa iwekwe mapema, kabla ya tofali la kwanza. Watendaji wetu wazichukue takwimu za sensa kutoka kabatini, waende nazo shamba kwa shamba, wakae na wazee na vijana. Wenye mashamba wapande mche kila unapoanguka mti. Na mjini tujifunze kujenga kwenda juu.

Aliyepanda mkarafuu aghalabu hula matunda yake machache. Mengi huwaachia wajao. Wete tuliyoikuta ni amana ya namna hiyo, na amana hurejeshwa ikiwa nzima.