Kujiweza, Msamaha na Bima: Maneno Yanayomkabili Mzee Dirishani

Istilahi hupimwa mara nyingi mezani, kwa kamusi na kwa kanuni za sarufi. Safari hii tunapenda kuzipima mahali pengine, yaani kwenye ofisi ya mtaa, kwa ofisa ustawi wa jamii na mbele ya dirisha la wazee hospitalini, mzee anapokwenda kuomba kadi ya matibabu. Tumeuchagua Mkoa wa Mara, hasa Musoma, Bunda na Butiama, kwa sababu wazee wengi wa huko ni Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakwaya au Wakurya, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Wanakijua Kiswahili cha sokoni na cha mwaloni barabara. Kiswahili cha fomu ni kingine.

Tuanze na neno lenye madhara makubwa kuliko yote: kutojiweza. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanzishwa katika hospitali za serikali mwaka 1993, yaliwekwa makundi yasiyotozwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, iliingia katika mkondo huohuo, na katika maandishi ya serikali kundi hilo likaitwa “wazee wasiojiweza”. Mwandishi wa sera alikusudia wasio na fedha za kulipia matibabu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku mtu asemwapo kuwa hajiwezi, maana yake ni kwamba amelala kitandani, analishwa, ananyanyuliwa. Au ni mlemavu, au amezidiwa na ugonjwa.

Basi na tuseme mzee wa miaka 72 ametoka kijiji kimoja cha pwani ya Ziwa, wilayani Bunda, kuja kuandikishwa. Amevua tangu ujana wake, sasa nyavu zimechakaa, na fedha aishikayo ni ile anayoletewa na mjukuu. Karani anamwuliza, kwa adabu, “Shikamoo, baba. Je, unajiweza?” Mzee amekuja kwa miguu yake. Hawezi kukiri mbele ya vijana kwamba hajiwezi. Anajibu, “Marahaba. Najiweza, mwanangu, namshukuru Mungu.” Karani anaandika alichosikia. Wote wawili wamesema kweli, na mzee amekosa haki yake.

Kosa hilo si la karani wala si la mzee. Ni la aliyechagua neno ambalo umma ulikuwa umekwisha kulipa maana nyingine. Na yafaa tuseme wazi kwamba kubadilisha “wasiojiweza” kuwa “wasio na uwezo”, maneno yatumikayo pia katika mijadala ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, hakuondoi tatizo lote, kwani uwezo nao ni wa mwili, wa akili na wa mali.

Kuna na utata wa sarufi. Kishazi “wazee wasiojiweza” chaweza kusomwa kwa njia mbili: ama wale tu wasiojiweza miongoni mwa wazee, ama wazee, ambao kwa kawaida yao hawajiwezi. Kiswahili hakitenganishi maana hizi kwa umbo la kirejeshi. Msomaji hutegemea muktadha. Ndiyo maana utamsikia mzee mmoja akidai kuwa serikali imetangaza matibabu bure kwa wazee wote, na mhudumu akishikilia kuwa ni kwa baadhi yao. Wote wamesoma maneno yaleyale. Mfasiri na mwandishi wa matangazo hana budi kuandika “wale miongoni mwa wazee ambao…”, hata kama tangazo litarefuka.

Neno la pili ni msamaha. Kwa mhasibu, msamaha ni kuondolewa malipo, kama msamaha wa kodi. Kwa mzee, msamaha huombwa na aliyekosa. Tunapomwambia “omba msamaha wa matibabu”, tunamvisha hatia asiyokuwa nayo. Mtu aliyelima pamba miaka 40 na kuuza zao lake kwa chama cha ushirika anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, amemkosea nani. Sisi tungependelea “kutotozwa”, au “stahili ya matibabu bila malipo”.

Neno mzee lenyewe twaweza kulipitia upesi. Miongoni mwa Wakurya uzee huenda na rika na mji wa mtu, si na hesabu ya miaka. Ofisini huenda na tarehe iliyomo katika kitambulisho cha taifa, ambacho namba yake ya tarakimu 20 huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwalimu Nyerere alipong'atuka mwaka 1985 na kurudi Butiama alikuwa na miaka 63, na watu waliendelea kumwita Mwalimu. Tukimtaja, tukumbuke kuwa naye alikuwa mfasiri: tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi aliipa jina la Mabepari wa Venisi, akijua vema kwamba neno moja lililochaguliwa hubeba hukumu nzima.

Bima ni neno la Kiajemi lililokwisha kuzoeleka. Shida yake ni kuchanganywa na kutotozwa. Bima huingiwa kabla ya kuugua na huwa na mchango. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza na watumishi wa serikali wakikatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri akiongeza asilimia 3. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa kama Mara. Katika kadi ya mtoto wake mtumishi, mzazi huandikwa “mtegemezi”. Neno limeundwa sawasawa, kama mtetezi kutokana na tetea, lakini mwenye mji, shamba na ng'ombe halipokei kwa urahisi. “Mzazi anayehudumiwa” lingetosha.

Kwa fomu za halmashauri, basi, tunapendekeza swali la “Je, unajiweza?” lifutwe, na mahali pake yaulizwe haya: “Una umri wa miaka mingapi? Fedha unazotumia unazipata wapi? Ukiugua leo, nani atalipa?”