Kabla ya Kumpeleka Mzazi Makao ya Wazee



Mwezi huu ukurasa wa afya unagusa jambo ambalo waamini wengi hulizungumza kwa sauti ya chini: mzazi amezeeka, hawezi tena kukaa peke yake, watoto wako mbali, na mmoja wao ametaja makao ya wazee. Mara nyingi kikao cha familia huvunjika hapo hapo. Wengine huona ni aibu, wengine huuliza kama si dhambi.

Amri ya Nne inatutaka tumheshimu mzazi. Haikutaja alale katika nyumba ipi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anawataka watoto wamvumilie mzazi hata akili zinapompungukia. Sasa, mzee anaweza kuwa ametupwa huku akiishi kwa mwanae mwenyewe, katika chumba cha uani, anasukumiwa sahani mlangoni na hakuna anayemsalimu. Na anaweza kutunzwa vema katika makao huku wanawe wakimwona kila juma. Yanayopima jambo hili ni mawili: kama mzee mwenyewe alishirikishwa katika uamuzi, na kama familia iliendelea kuwa familia baada ya yeye kuhama.

Kwanza apimwe

Tuchukue mfano wa mama mjane wa miaka 78 anayeishi kijijini mkoani Kilimanjaro, katika kihamba alichoachiwa na marehemu mumewe. Ana presha na kisukari. Watoto wako Dar es Salaam na Arusha. Jirani anapiga simu: mama ameanza kuongea ovyo, anatoka nje usiku, juzi alianguka karibu na jiko. Watoto wanaamua kwamba akili zimechoka na sasa atafutiwe mahali.

Wasifanye haraka. Mzee anayebadilika ghafla, kwa siku chache au wiki mbili tatu, kwanza ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Malaria, homa ya mapafu na maambukizi ya njia ya mkojo huweza kumchanganya mzee hata kabla homa haijapanda. Upungufu wa maji mwilini hufanya hivyo hivyo. Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, ambavyo kijana humeza bila tatizo, humvuruga mzee. Dawa ya kisukari iitwayo glibenklamaidi, ikimezwa na mtu asiyekula vizuri, hushusha sukari mno: hutoka jasho, hutetemeka, husema maneno yasiyoeleweka, na watu wakadhani ni uzee au, mbaya zaidi, uchawi. Hata kuanguka na kugonga kichwa wiki kadhaa zilizopita huweza kuvujisha damu polepole ndani ya fuvu. Yote haya yana matibabu. Ni huzuni kubwa kumhamisha mama kutoka nyumbani kwake kwa sababu ya ugonjwa ambao ungetibiwa kwa wiki moja.

Macho na masikio nayo yaangaliwe. Mzee mwenye mtoto wa jicho anayejikwaa kila siku, akishafanyiwa upasuaji, aweza kurudi kuchambua mchele wake mwenyewe. Na yule anayeonekana kama haelewi anachoambiwa, huenda masikio yamejaa nta tu.

Kama daktari amekwisha kumpima na kuona kwamba ni ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia, ambao huendelea kidogo kidogo kwa miaka, basi familia ina jambo la kupanga, nayo ina muda wa kupanga. Tusisubiri mpaka mama avunjike nyonga. Uamuzi unaofanywa kwenye korido ya wodi, siku ya kuruhusiwa, aghalabu huwa mbaya.

Je, nyumbani haiwezekani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kwamba familia ndiyo yenye jukumu la kwanza la kumtunza mzee, na kwamba matunzo ya makao yawe njia ya mwisho. Tunakubaliana nayo, ingawa sera haimwogeshi mtu. Yafaa kujiuliza ni kitu gani hasa kinachoshindikana. Ikiwa ni choo, fundi aweza kujenga cha kukaa, akaweka bomba la kushikilia ukutani na taa ya usiku. Ikiwa ni chakula na dawa, labda msichana au kijana wa kulipwa, anayelala hapo hapo, atatosha, na jumuiya ndogo ndogo ikapanga zamu ya kupita kila siku. Kumhamishia mjini kwa mtoto ni jambo jema pia, lakini tusijidanganye: mama aliyezoea migomba na majirani, akifungiwa sebuleni mbele ya runinga tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, ameachwa peke yake vile vile.

Panapofikia hatua ya kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongoni, au anapopotea njia mara kwa mara, au anayemtunza mwenyewe anapoanza kuugua na kumkaripia, hapo kutafuta makao ni busara. Tuwaonee huruma hao wanaotunza. Mara nyingi ni binti mmoja, ambaye kaka zake humpigia simu kumwelekeza la kufanya.

Makao yaliyopo

Tanzania Bara, makao ya serikali ni kwa ajili ya wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza. Yapo, kwa mfano, Nunge huko Kigamboni, Njoro mjini Moshi, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza na Kilima Bukoba. Mzee hapelekwi tu na kushushwa getini. Huanza kwa serikali ya mtaa au kijiji, kisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, ambaye huchunguza kama kweli hana mtu. Familia inayoficha kwamba ipo ili mzee apokewe inamnyang'anya nafasi asiye na mtu kabisa. Zanzibar wanayo makao ya Sebleni na Welezo, Unguja.

Yapo pia makao ya mashirika ya kitawa. Wamisionari wa Upendo, masista wa Mama Teresa, wana nyumba Mburahati, Dar es Salaam. Jijini Nairobi, Masista Wadogo wa Maskini wanaendesha Nyumba ya Wazee, Kasarani. Shirika hilo lilianza Ufaransa mwaka 1839, wakati Jeanne Jugan alipomchukua nyumbani kwake bibi mmoja kipofu, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2009. Nyumba za namna hii huwatazama kwanza maskini, hivyo mwenye watoto wenye mishahara asishangae akiambiwa asubiri au akatunzwe na wanawe. Makao ya watu binafsi ya kulipia ni machache, na mengi yako miji mikubwa. Hayo ndiyo ya kuchunguza kwa makini zaidi.

Kwenda kuyaona

Nenda mara mbili, na mara moja iwe jioni. Asubuhi kila nyumba imefagiliwa. Jioni ndipo utaona nani yuko zamu, wangapi kwa wazee wangapi, na mzee akiita usiku anajibiwa na nani. Tumia pua yako: harufu nzito ya mkojo ina maana kwamba watu hawabadilishwi kwa wakati. Angalia kama wazee wamevaa nguo zao wenyewe, wamekatwa kucha, na kama wahudumu wanawaamkia na kuwaita kwa majina yao. Kaa wakati wa chakula, uone kama asiye na meno anapikiwa kitu laini na kama mwenye mikono inayotetemeka analishwa au sahani inaondolewa ikiwa imejaa.

Uliza pia: dawa zinatunzwa na nani, na je, zinaandikwa zinapotolewa? Hospitali iko umbali gani, na gari ni la nani? Mume na mke wanaweza kukaa pamoja? Mzee anaruhusiwa kwenda nyumbani kwa Noeli au kwa msiba? Padri anafika, na walio wagonjwa hupata Komunyo na Mpako wa Wagonjwa? Kibali cha Ustawi wa Jamii kiko wapi? Kwa makao ya kulipia, mkataba uandikwe, ukionyesha ada ni ya nini na nini hakimo. Nepi, dawa na gharama za kulazwa ndizo huleta ugomvi baadaye. Nyumba inayotaka kushika kadi ya benki au hati ya shamba la mzee, iacheni.

Kumwambia

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Hudanganya. "Mama, tunakwenda hospitali, tutarudi kesho." Mama anafungasha kanga mbili na rozari yake, na anaposhushwa hugundua kwamba harudi. Tangu siku hiyo haamini neno lolote la wanawe, hata wakisema kweli, na huenda akakataa dawa na chakula akidhani navyo ni hila.

Mwambieni mapema, wakati ana utulivu, na asemaye awe yule anayemsikiliza zaidi. Msiende watoto sita kwa pamoja kama baraza la kesi. Mwanzo waweza kuwa hivi: "Mama, usiku unaanguka na sisi hatupo. Tunaogopa. Wewe unaonaje?" Kisha mnyamaze. Akikataa, mrudie siku nyingine. Akiwa na nguvu, mpelekeni aone mahali hapo na kunywa chai na wazee wenzake, na makao yakikubali alale wiki mbili kwa majaribio. Hata mwenye ugonjwa wa kusahau huweza kuchagua: kitanda cha dirishani au cha ukutani, blanketi gani, nani amsindikize.

Swali analoogopa kuuliza mara nyingi ni hili: nitazikwa wapi? Mama wa kihamba anamfikiria mumewe aliyelala chini ya migomba, na anahofu kwamba akifa huko atazikwa na watu asiowajua. Msingoje aulize. Mjibuni waziwazi, mbele ya shahidi kama vile mwenyekiti wa jumuiya, kwamba atarudishwa nyumbani kwake, na nauli ya safari hiyo itengwe. Wazee wengi hulainika baada ya jibu hili. Linalofuata ni mali. Atakaa makao lakini nyumba na shamba bado ni vyake. Kumwekesha dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa ni wizi, hata kama mwizi ni mtoto wake wa kumzaa.

Siku ya kuhama

Iwe asubuhi, ili apaone mahali pale kukiwa na mwanga. Andikeni kwenye karatasi moja dawa zote anazomeza, kiasi na saa zake, magonjwa aliyo nayo, vitu vinavyomdhuru, na simu za watoto wawili. Pelekeni na vidonge vyenyewe vikiwa katika pakiti zake, vya kutosha mwezi mzima, kwa maana katika kuhama ndipo dawa ya presha husahaulika siku tano na mtu akapata kiharusi. Kadi ya kliniki, kitambulisho cha taifa na kadi ya bima, kama anayo, visiachwe. Kisha vitu vya moyo: mto wake, kikombe chake, redio, picha ya harusi, Kitabu cha Sala. Nguo ziandikwe jina kwa uzi au wino.

Wiki za kwanza

Atalala vibaya, atakula kidogo, ataomba kurudi. Hiyo ni kawaida kwa wiki chache. Hatari kubwa siku hizo ni kuanguka, kwa sababu mwili unakumbuka njia ya choo ya nyumba ya zamani. Mtoto mmoja atembee naye njia hiyo mara kadhaa, mchana na usiku, kabla ya kuondoka.

Ikiwa baada ya mwezi bado halali, hali, hataki kuzungumza wala kusali na wenzake, anasema heri afe, asiitwe mkaidi. Huo waweza kuwa ugonjwa wa sonona, nao hutibiwa katika uzee kama katika ujana. Ombeni apimwe uzito kila mwezi na muulize namba yenyewe. Mzee anayepungua kilo mwezi hadi mwezi ana sababu, na sababu hiyo itafutwe.

Juu ya kutembelea, ahadi ndogo inayotimizwa hushinda kubwa inayovunjwa. Bora Jumamosi moja kwa mwezi isiyokosekana, na katikati jumuiya yake ya zamani au akina mama wa WAWATA wampitie. Msifike siku zote kwa saa ile ile, mtaona mengi. Mkikuta michubuko isiyoelezeka au mzee ananyamaza mhudumu fulani anapoingia, mwoneni msimamizi siku hiyo hiyo, na asipowasikiliza nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Na chumba chake nyumbani kisipangishwe walau kwa miezi sita ya kwanza. Wapo wanaorudi.