Kwa bodaboda, dabi huanza filimbi ya mwisho ikipulizwa

FILIMBI ya mwisho ikishapulizwa Kwa Mkapa, shabiki kamaliza kazi yake. Aliyeshinda anaimba, aliyefungwa anatafuta njia ya kutokea kabla watani hawajamwona. Lakini nje ya geti wapo vijana ambao mechi yao ndiyo kwanza inaanza.

Hao ni bodaboda.

Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Siku ya Simba na Yanga ukijaa, watu wote hao wanataka kufika nyumbani kwa wakati mmoja. Daladala zimejaa, foleni imegoma, giza limeingia. Kila mtu anaangaza macho akitafuta pikipiki. Nauli inapanda, na anayewahi kwenda na kurudi mara nyingi ndiye anayelala na pesa.

Kwa bodaboda, siku ya dabi ni siku ya mavuno. Pia ni siku ya kuombeana uzima.

Sisi waandishi huwa tunatoka uwanjani tumechelewa. Tunasubiri makocha waongee, halafu tunakimbiza habari. Kwa hiyo mimi ni mteja wa bodaboda kama ulivyo wewe. Safari hii nikaona niwaache makocha kidogo, nikaenda kukaa kijiweni upande wa Temeke na vijana ambao wamenirudisha nyumbani usiku mwingi. Sikwenda kuuliza habari za usajili. Nilitaka wanieleze wao wenyewe wanarudije nyumbani wazima.

JEZI NAMBA TATU

Kijiwe hiki kina timu. Jumapili asubuhi, jua likiwa bado halijachoma, wanacheza na vijiwe vya jirani na anayefungwa ananunua kreti ya soda. Nusu yao Simba, nusu Yanga, na ubishi hauishi mpaka abiria atokee.

Katika timu hiyo, jezi namba 3 haivaliwi.

Ilikuwa ya beki wao wa kushoto. Jioni moja baada ya mechi alipakia abiria wawili, ile tunayoita mishikaki, helmeti akaining'iniza mkononi. Mbele yake kulikuwa na lori na daladala, katikati pana upenyo. Akataka kuuwahi kabla haujafungwa. Haukumsubiri.

Abiria walivunjika, wakapona. Yeye aliumia kichwa na hakufika asubuhi.

Aliyenisimulia ni nahodha wa timu, mtu mwenye zaidi ya miaka kumi barabarani. Aliniomba nisiandike jina la marehemu, kwa sababu kwa mama yake msiba bado mbichi. Nimeheshimu.

Nilidhani ataniambia kijana alikuwa mbishi au mlevi wa mwendo. Haikuwa hivyo.

“Mdogo wangu, yule alikuwa anajua kuendesha kuliko sisi wote,” aliniambia. “Ndiyo maana hakuna aliyemwambia kitu. Utamwambia nini fundi?”

Maneno hayo yamenikaa. Tumezoea kusema anayekufa barabarani ni asiyejua. Kumbe kujua sana nako kunaua, kama wenzako wanakushangilia badala ya kukukanya.

BEKI MZURI HACHAFUKI KAPTULA

Wapo mabeki wa aina mbili, na mashabiki mnawajua. Kuna yule anayejirusha miguuni kila dakika, kaptula yote tope, jukwaa linamshangilia. Halafu kuna yule anayemaliza dakika 90 akiwa msafi, kwa sababu mpira unakofika yeye kashafika. Wa kwanza anasifiwa. Wa pili anacheza miaka 15.

Nahodha anasema barabarani ni hivyo hivyo. Breki ya ghafla ni kama kujirusha miguuni. Kuna siku itakuokoa, lakini ukiona unaitumia kila siku, ujue unasoma mchezo vibaya.

Nikamuuliza kusoma mchezo maana yake nini. Akaanza kunihesabia kwa vidole.

Daladala imesimama kituoni: usiangalie daladala, angalia chini ya daladala. Ukiona miguu inatembea mbele yake, kuna mtu anakuja kuvuka na hajakuona. Lori la bandarini kwenye Barabara ya Mandela: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, na yeye hakuoni wewe. Lori likianza kukata kona kushoto, usiingie kushoto kwake hata pakionekana peupe, maana tairi za nyuma huwa zinakuja kupafunga. Mvua ikianza tu, zile dakika za mwanzo ndizo mbaya, kwa sababu maji yanachanganyika na oili na vumbi na lami inageuka sabuni. Mchanga kwenye kona, usishike breki ya mbele.

Na mwisho, kuchomekea. Kijiwe kizima kiliguna. Kila mmoja anajua anachomekea, na kila mmoja ana siku anayoikumbuka.

HESABU YA BOKSI LA PENALTI

Na mimi nilikuwa na hesabu yangu ya kuwapa. Tulikwenda nayo uwanjani kwao, wenye magoli ya mbao, tukapima boksi la penalti kwa hatua.

Pikipiki ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, inakula karibu mita 17 kwa sekunde moja. Boksi la penalti lina kina cha mita 16.5. Mtu wa kawaida, akishaona hatari, anatumia kama sekunde moja mpaka mkono na mguu vifike kwenye breki. Maana yake ni kwamba mtoto akitokea mbele yako, unatoka ukingoni mwa boksi mpaka kwenye mstari wa goli, boksi zima, kabla hujagusa breki. Pikipiki haijaanza hata kupunguza mwendo.

Ukiwa kwenye 30, katika sekunde hiyo hiyo unakwenda mita 8 tu. Ukianzia kwenye mstari wa goli, hujafika hata kwenye nukta ya penalti, ambayo iko mita 11.

Halafu kuna breki yenyewe. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Na ukigonga kitu kisichosogea ukiwa kwenye 50, ni sawasawa na kudondoka kutoka kimo cha karibu mita 10. Mtambaa wa panya uko mita 2.44. Panga minne, mmoja juu ya mwingine, panda mpaka juu, halafu jiachie.

Vijana walicheka hapo mwanzoni. Tulipofika mtambaa wa nne, walinyamaza.

KOFIA YA PETR ČECH

Oktoba 14, 2006, Chelsea walikuwa ugenini kwa Reading. Mechi ina sekunde chache tu, kipa Petr Čech anakwenda kudaka mpira, goti la Stephen Hunt likamgonga kichwani. Fuvu lilivunjika. Akafanyiwa upasuaji, na wengi waliona soka lake limeisha pale.

Januari 2007 alirudi langoni akiwa na kofia laini ya kujikinga kichwa. Aliivaa kila mechi mpaka alipostaafu akiwa Arsenal mwaka 2019. Zaidi ya miaka 12. Alishinda ubingwa wa Ulaya akiwa nayo kichwani. Hakuna shabiki aliyemwita mwoga.

Sasa fikiria. Kipa anajikinga na goti la binadamu mwenzake, kwenye nyasi, na madaktari wako mita chache pembeni. Wewe unajikinga na lori kwenye lami, usiku, na helmeti umeining'iniza mkononi.

Utafiti uliokusanya ajali za nchi mbalimbali ulionyesha helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Katika soka, kipa mwenye takwimu hizo anagombewa na timu zote.

Lakini helmeti isiyofungwa mkanda ni glavu zilizobaki kwenye begi. Ukianguka, yenyewe inatangulia na kichwa kinafuata peke yake. Na ganda la nje siyo kila kitu. Kazi kubwa inafanywa na sponji ngumu iliyo ndani, ambayo inabonyea ili ubongo usisimame kwa kishindo. Ikishabonyea mara moja imemaliza kazi. Helmeti iliyopata ajali kubwa inabadilishwa, hata kama rangi bado inang'aa.

Niliwauliza kwa nini abiria hawavai. Jibu lilikuwa moja: jasho la watu, na akina dada wanaogopea nywele. Kijana mmoja kajiongeza, anabeba vitambaa safi vya kuvaa ndani ya helmeti. Anasema siku hizi wapo wateja wanaompigia simu yeye tu kwa ajili ya kile kitambaa.

HESABU YA BOSI

Tuseme ukweli, mishikaki haitokani na ujinga. Wengi wanaendesha pikipiki ya mtu. Jioni hesabu ya bosi inatakiwa, mvua inyeshe isinyeshe. Walio kwenye mkataba wanalipa wakijua siku moja pikipiki itakuwa yao, na wakikosa kidogo inachukuliwa. Dabi inapokuja, kijana anaona hapa ndipo pa kufidia wiki nzima. Watu wawili nyuma ni nauli mbili kwa mafuta yale yale.

Ila pikipiki yenye mishikaki inachelewa kusimama, inayumba kwenye kona, na wa mwisho hana pa kushika. Ikiangushwa, wanaanguka watatu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, linasema watu karibu milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka duniani, na kati ya kila 100, kama 21 ni wa pikipiki na bajaji. Kwa walio na umri wa miaka 5 mpaka 29, ajali za barabarani ndizo zinaua kuliko kitu kingine chochote. Huo ndio umri wa vijana wa vijiweni, na ndio umri wa jukwaa la mzunguko.

UKIGONGWA KICHWA, TOKA UWANJANI

Siku hizi sheria za soka zinaruhusu mabadiliko ya ziada kwa mchezaji aliyegongwa kichwa. Soka lilichelewa, lakini limeelewa kwamba kichwa hakifungwi bandeji ukaendelea.

Barabarani bado. Bodaboda anaanguka, anajipangusa, watu wanamwambia pole kaka, anawasha anaondoka. Kama baada ya hapo anatapika, kichwa kinazidi kuuma, anachanganya maneno au anasinzia ovyo, asipelekwe kulala. Apelekwe hospitali. Damu inaweza kuwa inavujia ndani huku nje hakuna hata mchubuko.

NA WEWE ULIYEBEBA BENDERA

Nilitegemea vijana watawalalamikia trafiki. Wakamlalamikia shabiki.

Ni shabiki anayesema “kaka ongeza moto, nawahi” huku hana anachowahi. Ndiye anayelazimisha mshikaji wake apande wa tatu ili wagawane nauli. Ndiye anayekataa helmeti kwa sababu itamfunika kofia ya timu. Na ndiye anayeiacha bendera au skafu inapepea nyuma, mpaka inavutwa na cheni au tairi na kumshusha chini.

Ombi lao ni dogo. Kunja bendera. Funga mkanda. Mkiwa wawili, chukueni pikipiki mbili. Dereva akinuka pombe, mwache, hata kama ni shabiki mwenzako. Na ikiwezekana kaa jukwaani dakika 20 zaidi, barabara ipungue. Kama umeshinda, endelea kuimba. Kama umefungwa, nyumbani kuna nini cha kuwahi?

Tangu wampoteze mwenzao, kijiwe kimejiwekea sheria. Siku ya mechi hakuna mishikaki, na kila pikipiki inabeba helmeti mbili. Anayekiuka, yeyote kati yao ana ruhusa ya kumnyang'anya ufunguo, hata kama ni fundi. Nahodha aliniambia kipengele hicho cha mwisho ndicho alichokipigania mwenyewe.

Niliona kikifanya kazi. Usiku mmoja baada ya mechi tulikuwa watatu, waandishi wawili na mpigapicha, habari zimechelewa na pikipiki iko moja. Tukamwambia kijana atupakie wawili, tutamlipa vizuri. Akakataa. Tukaongeza dau. Akamwangalia nahodha, nahodha akauangalia ufunguo. Ikabidi tusubiri pikipiki nyingine. Habari yangu ilichelewa na nilisemwa ofisini.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kuwaangalia wakicheza. Walifungwa mabao 2-1, na bao la pili lilipita upande wa kushoto, kwa dogo aliyevaa namba 13. Hakuna aliyemfokea. Mechi ilipoisha walilipa kreti ya soda, wakazifuata helmeti zao nyuma ya goli, wakafunga mikanda, wakaondoka mmoja mmoja.