KIJIKO CHA KUCHIMBA: UHAI WAKE NI MAFUTA



Katika mikutano mikuu ya vyama vya wakulima wa umwagiliaji hoja moja hurudi karibu kila mwaka: mifereji imejaa tope, majembe na koleo havitoshi, basi chama kinunue mtambo wa kuchimba. Mtambo huo ndio ule ambao mafundi wetu wengi huuita kijiko, wenye mkono mrefu, ndoo ya chuma yenye meno, na minyororo badala ya magurudumu. Hoja hiyo si mbaya. Lakini aghalabu huamuliwa kwa kutazama rangi na bei tu, hali wapiga kura hawajaelezwa mtambo wenyewe hufanya kazi namna gani. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wanachama jinsi kijiko kilivyotengenezwa na kurekebishwa hatua kwa hatua, na kila rekebisho lina maana gani kwa fedha ya chama.

Nianze na jambo lililonipata katika kazi yangu. Chama kimoja cha wakulima wa mpunga, ambacho sitakitaja, kilinunua kijiko kilichokwisha kutumika. Fedha yake ilitokana na makato ya kila gunia kwa misimu mitatu. Mtambo ulikuwa umepakwa rangi mpya, ukafanya kazi vizuri miezi 7, kisha ukaanza kulegea mkono, na mwisho ukakataa kabisa kuinua ndoo. Fundi alipoifungua pampu alikuta imekwaruzika ndani. Bei ya pampu nyingine ilizidi akiba yote ya chama. Msimu ule mfereji haukusafishwa, na wanachama wenye majaruba mkiani mwa mfereji hawakupata maji.

Nilipofika kukagua, mzee mmoja aliniuliza mbele ya mkutano, “Bwana Mkaguzi, mashine hii imekufa au imeuawa?” Nilimjibu, “Mzee wangu, imeuawa, lakini aliyeiua hakujua kwamba anaua.” Nikakiri pia kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa nimeyapitisha mahesabu ya chama kile. Nilitaka kuona stakabadhi za dizeli, nami nikazipata zote. Sikuuliza kuhusu mafuta ya haidroliki, wala chujio, wala daftari la saa za kazi. Kosa hilo ndilo lililonifanya nijifunze haya ninayoyaandika.

1. Kutoka kamba hadi mafuta

Mtambo wa kwanza wa kuchimba uliofanikiwa ulikuwa wa Mmarekani William Otis, aliyepewa hati ya haki ya ubunifu wake mwaka 1839. Uliendeshwa kwa mvuke na ulitumika katika ujenzi wa reli. Kwa zaidi ya miaka 100 mitambo ya namna hiyo ilibadilisha injini, kutoka mvuke hadi petroli na dizeli, lakini mkono wake uliendelea kuvutwa kwa minyororo na kamba za chuma.

Kamba ina upungufu mmoja mkubwa: huweza kuvuta, lakini haiwezi kusukuma. Ndoo iliyoning'inia kwa kamba hutegemea uzito wake ili iingie ardhini. Ikikutana na udongo mgumu, huteleza juu yake. Kadhalika dereva hawezi kuipinda ndoo kwa usahihi, hivyo akichimba mfereji mwembamba huubomoa ukingo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watengenezaji wa Ulaya na Marekani waliiacha kamba wakatumia mafuta yanayosukumwa ndani ya silinda. Katika Ujerumani kampuni ya Demag ilitoa mwaka 1954 kijiko kilichoendeshwa chote kwa mafuta, chenye uwezo wa kuzunguka duara zima. Ufaransa nayo ikatoa mtambo wa Poclain TY45 mwaka 1961, uliosaidia sana kuueneza mtindo huo. Caterpillar, iliyokuwa tayari mashuhuri kwa matingatinga, ilitoa kijiko chake cha kwanza cha haidroliki mwaka 1972. Hata leo vijiko karibu vyote tunavyoviona barabarani na mashambani ni vya mafuta.

2. Nguvu yatoka wapi

Kanuni yake ilielezwa na mtaalamu Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kimiminiko kilichofungwa kikibanwa mahali pamoja, shinikizo lake huenea sawasawa pande zote. Injini ya dizeli huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta kupitia vali hadi kwenye silinda. Mafuta yakiingia upande mmoja wa pistoni, mkono husukumwa, na yakiingia upande wa pili, huvutwa. Ndiyo maana ndoo ya haidroliki huweza kujikandamiza ardhini hata pale uzito wake usipotosha.

Tufanye hesabu ndogo. Silinda yenye upana wa sentimita 12 ndani yake ina eneo la sentimita za mraba 113. Katika vijiko vya siku hizi shinikizo hufika kama kilo 350 kwa kila sentimita ya mraba. Ukizidisha utapata kilo 39,550, yaani zaidi ya tani 39, kutoka silinda moja ambayo mtu aweza kuikumbatia kwa mikono miwili.

Lakini shinikizo hilo haliwezi kuhifadhiwa ila kwa vyuma vilivyokaribiana mno. Nafasi iliyopo kati ya pistoni ya pampu na tundu lake ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Chembe ya mchanga ambayo jicho haliioni yatosha kuukwaruza uso wa chuma. Mkwaruzo hupitisha mafuta, shinikizo hupungua, joto huongezeka, na chembe za chuma kilichokwaruzika huenda kukwaruza mahali pengine. Pampu ya chama nilichokitaja ilikufa hivyo. Mafuta yake yalikuwa yakiongezwa shambani kwa ndoo ile ile iliyotumika kuchotea maji ya mfereji.

3. Marekebisho makubwa na faida zake

(a) Pampu inayojirekebisha. Vijiko vingi vya zamani vilikuwa na pampu iliyotoa kiasi kile kile cha mafuta wakati wote. Yaliyozidi yalirudi tangini kupitia vali ya usalama, na nguvu yake ikapotea kwa kuwa joto, kama mtu anayefungua bomba lote ili ajaze kikombe. Pampu za baadaye zina sahani inayoinama ndani yake. Sahani ikiinama zaidi, mafuta hutoka mengi. Ikisimama wima, hutoka machache. Kazi ikiwa nzito, pampu hupunguza mwendo wa mafuta ili injini isizimike. Kwa rekebisho hili dizeli huokolewa, na mafuta hayachemki upesi.

(b) Usukani mwepesi. Zamani dereva alivuta kwa nguvu vyuma virefu vilivyoshikamana na vali. Kisha yakatumika mafuta ya shinikizo dogo kuisogeza vali kubwa, na siku hizi mitambo mingi hutumia umeme. Dereva huongoza kwa vidole, hachoki haraka, na huweza kuuchonga ukingo wa mfereji bila kuubomoa.

(c) Nyayo pana. Kijiko cha tani 20 chenye minyororo ya upana wa sentimita 60, inayogusa ardhi kwa urefu wa mita 3 na nusu kila upande, hukandamiza ardhi kwa kadiri ya nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba. Nyayo zikipanuliwa hadi sentimita 80, shinikizo hilo hupungua kwa robo. Katika mabonde yetu yenye tope, tofauti hiyo huweza kuamua kama mtambo utafanya kazi au utazama.

(d) Kurudisha nguvu iliyopotea. Mkono mzito unaposhuka hushuka kwa uzito wake, na katika mitambo mipya mafuta yanayotoka humo hupelekwa kusaidia silinda nyingine. Mwaka 2008 Komatsu ya Ujapani ilitoa kijiko ambacho, kinaposimamishwa baada ya kuzunguka, hugeuza nguvu ya mzunguko kuwa umeme, kisha umeme huo husaidia mzunguko unaofuata. Watengenezaji walieleza kwamba dizeli hupungua kwa kadiri ya robo. Faida hiyo ni ya mtambo unaozunguka mara nyingi kwa siku, na anayefanya kazi ya kuzunguka kidogo asiitarajie yote.

(e) Kumbukumbu za mtambo. Tangu miaka ya 2000 mitambo mingi hutunza na hata kutuma kwa setilaiti au kwa mtandao wa simu habari za saa zilizofanywa kazi, mahali ulipo, dizeli iliyotumika, na muda ambao injini ilinguruma bure.

4. Kasoro inayofuatana na faida

Kamba ya chuma inapokaribia kukatika huanza kutoa nyuzi, na hata mtu asiye fundi huziona. Mafuta hayatoi dalili ya wazi namna hiyo. Mtambo huendelea kuonekana mzima hali pampu yake inaliwa ndani. Kila rekebisho nililolieleza limeongeza nguvu na wepesi, lakini pia limeuficha ugonjwa mbali na macho ya mwenye mali. Kwa hiyo jicho la mwanachama hapana budi lisaidiwe na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Kununua au kukodi

Tuseme chama kina mifereji ya kilomita 12, na kila mita ina tope la nusu mita ya ujazo. Jumla ni mita za ujazo 6,000. Tuseme kijiko kinatoa mita 40 kwa saa, kwa kuwa husogea mara kwa mara na hufanya kazi kwa uangalifu. Kazi yote ni saa 150, yaani siku 19 za saa 8. Kwa lita 15 kila saa, dizeli itakuwa lita 2,250.

Mwaka una saa za kazi kama 2,000. Chama hicho kitakitumia kijiko chake chini ya sehemu moja ya kumi ya muda huo. Saa nyingine zote mtambo utasimama, na mtambo wa haidroliki haupumziki kwa kusimama: fimbo za silinda hushika kutu, sili hukauka, na unyevu huingia tangini. Ni wazi kwamba chama kimoja cha kadiri hiyo kinapaswa kukodi. Kununua kwafaa kufikiriwa na vyama kadhaa vilivyoungana, vyenye kazi ya mwaka mzima, dereva aliyefundishwa, na mfuko wa matengenezo uliotengwa kabla ya mtambo kufika.

Anayekodi naye awe macho. Saa ya mtambo huhesabu hata injini inaponguruma bure chini ya kivuli. Ni afadhali mkataba uandikwe kwa mita za mfereji uliosafishwa, kwa kina na upana uliokubaliwa, na mjumbe wa chama apime kila jioni.

6. Mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha

(i) Chukua mafuta kidogo ya haidroliki katika chupa nyeupe. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yana maji. Yakinuka kuungua, yamepata joto kupita kiasi.

(ii) Mwambie fundi akate chujio kuukuu na kulikunjua. Vumbi linalong'aa ni chuma cha pampu.

(iii) Inua ndoo yenye mzigo, zima injini, na pima umbali kutoka ardhini. Pima tena baada ya dakika 10. Ikiwa imeshuka sana, sili za silinda au vali zimechakaa. Mtu yeyote asisimame chini yake.

(iv) Tikisa ndoo na uangalie pini na bushi za maungio. Kisha angalia minyororo na magurudumu yake, maana matengenezo yake hula fedha nyingi.

(v) Dai kumbukumbu za saa na za matengenezo. Kwa namba ya mtambo, wakala wa mtengenezaji aweza mara nyingi kuzithibitisha. Rangi mpya bila kumbukumbu ni sababu ya kuongeza shaka.

(vi) Usitafute mvujo wa mafuta kwa mkono. Mafuta yenye shinikizo yakitoka katika tundu dogo hupenya ngozi kama sindano. Tumia kipande cha kadibodi. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama haoni maumivu, kwa sababu kuchelewa kwaweza kumpotezea mkono.

7. Mwisho

Baada ya msiba wao, wanachama wa kile chama hawakununua pampu. Waliuza mtambo kwa bei ya hasara, wakaungana na vyama viwili jirani kukodi kijiko kwa zamu. Kamati yao ndogo ya watu watatu hushika daftari lenye safu nne: tarehe, mita zilizosafishwa, dizeli, na sahihi. Mwaka uliofuata maji yalifika hadi mkiani mwa mfereji. Yule mzee alinionyesha jaruba lake bila kuniuliza swali lolote.

Nawaomba wajumbe wa Bodi wayasome makala haya kwa sauti katika mkutano kabla ya kuipigia kura hoja ya mtambo. Nasi wakaguzi, tunapofungua vitabu vya chama chenye mtambo, tuombe kuona daftari la mafuta pamoja na daftari la fedha.

Wenu katika ushirika,
Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika