Kikaboni si uhai: Kinachonusurika Mirihi

Kila inapotangazwa kuwa molekuli za kikaboni zimepatikana katika sayari ya Mirihi, huwasikia watu wakisema, "Kumbe kuna viumbe huko!" Kwa maoni yangu, utata huu ni wa lugha. Tumezoea kukiita kilimo kisichotumia kemikali za viwandani 'kilimo hai', kisha tunaihamishia dhana hiyo kwenye molekuli. Katika kemia, kikaboni ni kile ambacho uti wake ni atomu za kaboni, aghalabu zilizoungana na haidrojeni. Hata vimondo, visivyo na uhai wowote, huwa na molekuli hizi.

Swali zito basi ni hili: zinanusurikaje huko? Kanieneo ya angahewa ya Mirihi haifiki asilimia 1 ya ile yetu, wala sayari hiyo haina uga wa sumaku wa kuikinga nzima. Miale ya urujuanimno huzivunjavunja molekuli zilizo juu ya ardhi. Mnururisho kutoka anga za mbali nao hupenya mwambani kwa kina cha mita moja au zaidi.

Mnamo 1976, vyombo viwili vya Viking viliupasha udongo joto na kuuchunguza mvuke wake. Kilichopatikana kilidhaniwa kuwa masalia ya dawa za kusafishia mitambo. Lakini mwaka wa 2008, chombo cha Phoenix kilipata chumvi iitwayo perikloreti. Chumvi hii ikipashwa moto hutoa oksijeni na klorini, ambazo huunguza kaboni. Yaani huenda jaribio lenyewe ndilo lililoteketeza kilichokuwa kikitafutwa!

Kigari cha Curiosity kilitoboa miamba ya matope katika kreta ya Gale, palipokuwa na ziwa zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Mnamo 2018, watafiti walitangaza kuwa molekuli za kikaboni zimo. Mwaka wa 2025 wakaripoti minyororo ya kaboni 10, 11 na 12. Udongo wa mfinyanzi na salfa huenda ndivyo vilivyozihifadhi.

Je, viumbe ndivyo vilivyoziacha? Huenda, lakini mawe na maji pia huweza kuziunda. Ndiyo maana kigari cha Ulaya, Rosalind Franklin, kimeundwa kuchimba hadi mita 2, mnururisho unakopungua.

Hadi hapo, tuandike 'molekuli za kikaboni', wala si 'molekuli hai'. Neno moja likiteleza, tutakuwa tumetangaza uhai ambao hakuna aliyeuona.